Mwaka Tuliochagua Makumbi

Juzi Salma, binti wa kaka yangu, anayefundisha darasa la nne huku huku kwetu upande wa Kirongwe, aliingia uani kwangu amenuna. Akatupa mkoba kwenye mkeka, na hata shikamoo aliitoa nusu. Nikamwuliza, kulikoni? Akasema shule yao imetakiwa kuchagua mada ya mradi wa pamoja wa madarasa, na wameichagua kwa simu. Mmoja aliandika "Mazingira" kwenye kundi lao la walimu, wenzake wakatia vidole gumba, kwisha.

"Sasa shangazi, nimepewa mazingira. Niyafanye nini? Yako kila mahali!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilipotulia nikamwahidi kuandika haya, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaoshika chaki leo. Mimi ni Mwalimu Zuhura, mstaafu. Nimefundisha shule za msingi hapa Mafia mpaka nywele zikabadilika rangi, na vikao vya kuchagua mada nimekaa vingi kuliko vikao vya harusi. Nitawasimulia mmoja tu wa miradi hiyo, lakini nitakuwa napita kwingine njiani, maana ndivyo ninavyozungumza. Mwenye haraka akapike kwanza kisha arudi.

Mwalimu mkuu wangu wa kwanza, mtu mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliniambia nilipoanza kazi: "Binti, mada ikikubaliwa kabla chai haijapoa, ujue hakuna aliyeitaka." Sikumwamini, mpaka tulipochagua mada ya "Umoja". Ilipita haraka sana, kila mtu akaunyoosha mkono na kukimbilia nyumbani. Siku ya wazazi ilipofika, kila darasa lilipanda jukwaani kuimba wimbo wa umoja, na kumbe wimbo wenyewe ulikuwa mmoja. Wazazi waliusikia kuanzia la kwanza mpaka la saba. Babu mmoja wa mstari wa mbele alilala fofofo, akaamshwa kwa makofi ya mwisho, naye akapiga makofi kwa bidii kuliko wote. Tangu siku hiyo nikiona walimu wanakubaliana upesi, napata wasiwasi.

Halafu ikaja miaka ya mwanzo ya hifadhi ya bahari, na kisiwa kizima kikawa na mada moja: kasa. Watu wa hifadhi walituletea picha nzuri za kasa, tukazibandika kila ukuta, na kila shule ikachora kasa, ikaimba kasa, ikafinyanga kasa. Sisemi kasa ni mada mbaya. Lakini watoto wetu wa Kirongwe ni wa mashambani, wa minazi na mikorosho, na wengi walikuwa hawajamwona kasa hata siku moja. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alinichorea kasa mwenye masikio makubwa. Nikamwuliza masikio ya nini. Akanijibu, "Mwalimu, bila masikio atawasikiaje wavuvi wakija?" Nilimpa alama zote. Lakini niliona pia kwamba tunawafundisha watoto kunakili picha ya mtu mwingine, na kazi ya namna hiyo inachosha hata mikono.

Sasa njooni kwenye mwaka wenyewe. Ofisi ya elimu iliagiza shule ziungane mbili mbili, moja ya shamba na moja ya pwani, zichague mada moja, zifanye mradi mmoja na kuuonyesha mjini Kilindoni mwisho wa mwaka. Sisi tuliunganishwa na shule moja ya upande wa Utende, kwenye ghuba ya Chole. Mwalimu mkuu wetu alikuwa Bakari, mtu wa shamba kwelikweli, anayeweza kukusimulia muhogo mpaka ukasikia njaa. Mwalimu mkuu wao alikuwa Jabiri, mrefu, mcheshi, kofia haimtoki kichwani. Hao wawili walisoma chuo kimoja cha ualimu, na tangu huko walikuwa wakitaniana na kushindania kila kitu, hata nani ana kikohozi kikubwa zaidi.

Na kulikuwa na Neema. Huyu ndiye nataka mmjue vizuri. Neema alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, msichana wa Singida, aliyepangiwa kwetu akaja na begi moja na hofu ya bahari. Kufundisha alijua. Darasa lake la sita lilikuwa limepita mikononi mwa walimu wa hesabu wasiokaa. Wakija na chombo, chombo hakijageuka vizuri wameshaomba kurudi nacho. Kuna mwaka hesabu ilifundishwa na mwalimu wa dini, na kuna mwaka nilifundisha mimi, na mimi na sehemu hatupatani mpaka leo. Alipofika Neema, watoto wale wakaanza kunyoosha mikono kabla hajamaliza swali. Mwakani walikuwa wanaingia la saba, na sote tulijua kwamba akibaki watafaulu, na akiondoka basi tena.

Naye alikuwa ameshaomba uhamisho. Mwalimu Bakari alitia saini barua yake huku akitazama dirishani. Wala hakuna aliyemfanyia ubaya. Alikuwa mpweke tu. Jioni moja tukichambua mchicha aliniambia, "Mwalimu Zuhura, hapa kila mtu ana shangazi isipokuwa mimi." Nikamwambia mimi nipo. Akacheka kwa adabu, kama mtu aliyepewa zawadi isiyomtosha. Nilimpenda sana binti yule na niliumia, lakini mtu hafungwi kamba akae.

Kikao cha kwanza cha mada kilifanyika kwetu. Mwalimu Bakari akapendekeza "Muhogo", na ili kuipa mada nguvu akaamuru upikwe muhogo wa nazi. Jabiri alikula sahani mbili, akafuta mdomo, akasema, "Mtamu, wallahi. Lakini wanafunzi wangu wataupanda wapi, mchangani?" Kikao kikavunjika. Cha pili kilifanyika kwao. Jabiri akapendekeza "Samaki wa Ghuba Yetu" na akatuandalia changu wa kupaka. Bakari alimla changu mpaka akafyonza mifupa ya kichwa, kisha akauliza kwa upole, "Na wangu watamwona wapi huyu samaki, juu ya mnazi?" Walimu wengine tulikaa tunatazamana. Mwalimu wao wa taaluma akataja kasa kwa sauti ndogo, na watu wote wakaguna kwa pamoja.

Hapo ndipo Neema alipotoka nje kupunga hewa. Nikamfuata, maana nilijua harufu ya samaki ilikuwa imemshinda. Nilimkuta ufukweni amejiziba pua kwa mtandio, anatazama mbali kwenye matope. Maji yalikuwa yamekupwa, na akina mama walikuwa wameinama wanachimba, hawa wanatoa vitu vyeusi, wale wanafukia vingine.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "kuna msiba? Wale mama wanazika nini?"

Nilicheka kwa sauti mpaka walimu wengine wakatoka. Jabiri ndiye aliyemweleza. Yale ni makumbi, maganda ya nazi. Mama anayafukia kwenye matope ya pwani, anayawekea mawe juu, bahari inapanda na kushuka juu yake kwa miezi, mpaka yaoze na kulainika. Halafu anayafukua, anayapiga kwa gongo, nyuzi zinatoka safi, anasokota kamba. Kamba hiyo hufungia fito za nyumba, hufungia vyombo, hufungia mbuzi.

Neema akamsikiliza kwa makini, mtandio bado puani. "Kwa hiyo kumbi lisipoingia baharini?"

"Linabaki kuni," akasema Jabiri.

"Na makumbi yote haya yanatoka wapi?"

"Mengine hapa hapa. Lakini mengi yanaletwa na gari kutoka kwao," akasema Jabiri, akimnyooshea kidole Mwalimu Bakari, aliyekuwa amesimama mlangoni anachokoa meno.

Bakari akashusha kijiti chake. Mimi nikasema, "Haya, waungwana, sasa bishaneni."

Hawakuwa na la kubishania, lakini walijitahidi. Tulirudi ndani tukafanya jambo ambalo nawaombeni mlifanye siku zote kabla mada haijaandikwa ubaoni: kila mwalimu aseme kesho asubuhi ataingia darasani afundishe nini kutokana na mada hiyo. Si mwezi ujao, kesho. Mwalimu wa sayansi akasema kuoza. Wa jiografia akasema maji kupwa na kujaa. Mimi wa Kiswahili nikasema watoto watawahoji bibi zao. Wa dini akasema subira, na tukacheka sana kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa nayo hata chembe. Neema akasema vipimo. Aliyebaki bila jibu alikuwa mwalimu wa michezo, akakaa akiwaza, kisha akaruka kitini: "Kuvuta kamba!" Hapo nikajua tumepata mada. Chai ilikuwa imeshapoa muda mrefu.

Mambo yanayohusu bahari yana shida yake, ratiba. Kengele ya shule inalia saa zilezile kila siku, na bahari haina habari na kengele. Ili kuyafikia matope ya makumbi sharti ungoje bamvua, maji yanapokupwa sana, na bamvua likaangukia katikati ya vipindi. Mwalimu Bakari alihangaika na ratiba yake kama mtu anayelazimishwa kuuza shamba. Mwishowe akakubali. Nami nikajifunza kwamba ukichagua mada yenye saa yake yenyewe, watoto wanajifunza kungoja na kuwahi bila ya wewe kupiga kelele.

Siku ya kufukia tulipanda lori la mzazi mmoja, watoto wamekaa juu ya makumbi wanaimba njia nzima kutoka Kirongwe. Watoto wa shamba na matope ya pwani wapi na wapi! Viatu vilimezwa. Mmoja alilia akidhani mguu wake haurudi. Neema alipiga hatua chache tu, akazama mpaka kiunoni, na watoto wa ghubani wakamvuta kwa furaha kama wamenasa nguru. Alipotoka, sketi nzima matope, alianza kucheka, na alicheka vile kwa mara ya kwanza tangu aje kisiwani. Nikajisemea moyoni, huyo!

Mahali pa kufukia tulionyeshwa na Bi Mwanahawa, mama wa pale pale mwenye mashimo mengi ya makumbi na maneno mengi zaidi. Alitupa nafasi kando ya mashimo yake, akasimama akituongoza na kututukana kidogo kidogo. Tulipomaliza kuweka mawe, Mwalimu Jabiri alichomeka fimbo ndefu yenye kitambaa chekundu. "Bendera yetu hiyo!" akasema. "Hata asiyeona ataiona."

Neema hakuiamini bendera. Aliwapanga darasa la sita, akawafundisha kupima kwa hatua kutoka kwenye mkoko mmoja mkubwa mpaka kwenye jiwe moja la pweza, kisha kutoka hapo mpaka kwenye shimo letu. Ili wasisahau akawatungia wimbo, nami nikamsaidia vina:

Mpe mgongo mkoko,
fuata jiwe la pweza,
ufike, geuka kwako,
hesabu ukiongeza.

Baada ya hapo wanahesabu hatua kwa sauti mpaka wafike. Waliimba siku hiyo, waliimba njiani, waliimba miezi yote iliyofuata, wakiruka kamba na wakichota maji, hadi Mwalimu Bakari akaomba masikio yake yahurumiwe.

Basi upepo wa kusi ukaja, ukavuma, ukapita. Bamvua la kufukulia likafika, tukarudi ghubani na lori letu. Bendera ilikuwepo, imesimama, imepauka lakini imesimama. Neema akasema, "Tuimbe kwanza tuhakikishe." Jabiri akacheka. "Tuimbe ya nini, mwalimu, na bendera hiyo hapo?" Tukachimba chini ya bendera. Yalitoka makumbi yameiva vizuri ajabu. Watoto wakayaosha, wakaanza kuyapiga, nyuzi zikatoka nyeupe, ndefu, laini. Jabiri alizishika akizitembeza kwa kila mwalimu. "Makumbi ya kisomi haya! Mmeona wapi mengine kama haya?"

Kesho yake tulirudi kuendelea. Hatujashuka vizuri kwenye lori, tukamwona Bi Mwanahawa anakuja kwenye uwanja wa shule ya Jabiri, kanga kaifunga kiunoni, gongo la kupigia makumbi begani, nyuma yake nusu ya kijiji.

"Hodi, na sikuja kukaa! Nani kafukua makumbi yangu?"

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," akasema Jabiri.

"Marahaba, na usinibembeleze kwa shikamoo. Makumbi yangu yako wapi?"

"Bibi, yale ni ya shule. Bendera yetu..."

"Bendera! Watu wa hifadhi wana maboya, nyie mna bendera, na mimi niliyechimba pale tangu mama yangu yu hai nina nini? Nina mjinga wa kunifukulia?"

Tukaja kujua baadaye kilichotokea. Upepo wa kusi uliing'oa bendera, na mvuvi mmoja wa dago, mgeni anayepiga kambi msimu kwa msimu, aliiokota inaelea. Kwa wema wake akairudisha kwenye rundo la mawe lililokuwa karibu naye. Lilikuwa la Bi Mwanahawa. Na makumbi yale hayakuwa ya mchezo, yalikuwa ya kufungia fito za nyumba ya mwanawe, aliyekuwa na harusi mlangoni.

"Bwana harusi analala barazani kwa mama yake kwa ajili yenu!" akapaza sauti. Bwana harusi mwenyewe alikuwa kwenye kundi, akajifunika uso kwa kofia, na watu wakaangua kicheko. Jabiri, jasho linamtoka, akasema shule italipa.

"Nitafungia fito kwa noti? Nataka makumbi. Yenu yako wapi?"

Hapo ndipo ilipokuwa kazi, kwa sababu mawimbi ya kusi yalikuwa yameyazika mawe yetu, na hakuna aliyejua, hata Bi Mwanahawa mwenyewe. Tulishuka ufukweni wote, shule mbili na kijiji. Jabiri alichukua jembe akachimba hapa, akachimba pale, na kila shimo lilimpa maji na kaa. Wapo waliomshangilia. Maji yalikuwa yanakaribia kugeuka. Nikamgeukia Neema, nikamwona ameshawapanga darasa la sita kwenye mkoko.

Wakaanza kuimba. Wakampa mgongo mkoko, wakafuata jiwe la pweza, wakageuka, wakahesabu hatua, na hatua ya mwisho ikawaingiza kwenye dimbwi. Watu wakacheka tena. Neema akawatazama miguu, akajipiga paji la uso.

"Mmerefuka!" akasema. "Nani mfupi kuliko wote?"

Akajitokeza msichana mmoja mdogo. "Mimi, mwalimu. Lakini hata mimi nilikuwa mfupi zaidi."

"Basi tembea kama ulivyokuwa."

Yule mtoto akarudi kwenye mkoko, akaanza kwa hatua fupi fupi za adabu, kama mwari anayetolewa ndani. Watoto wakaimba. Mama mmoja akadakia wimbo, na mwingine, na kabla hajalifikia jiwe la pweza kijiji kizima kilikuwa nyuma yake kinaimba na kuhesabu, na Bi Mwanahawa ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, amesahau kwamba amekasirika. Mtoto akasimama. "Hapa," akasema. Jabiri akachimba taratibu sasa, bila maneno. Jembe likagonga jiwe. Akaliinua jiwe, na uvundo ukatoka ukatupiga usoni, na nawaambia kweli, sijawahi kufurahia uvundo kiasi kile.

Bi Mwanahawa akachutama, akalikamua kumbi moja, akalinusa. "Yameiva. Nani aliyapanga hivi, mistari mistari?"

"Mimi, mama," akasema Neema.

"Wewe wa wapi?"

"Singida."

"Singida kuna bahari?"

"Kuna ziwa la chumvi."

"Haya, nusu umeshafika. Hapa una nani?"

"Sina mtu, mama."

"Huna mtu nami nimekaa hapa nakuuliza? Kuanzia leo shangazi yako ni mimi. Ukija pwani usipite kwangu bila kula. Na mkajifunze kupiga makumbi vizuri, maana jana mlinikatia nyuzi."

Neema hakucheka kwa adabu safari hii. Alitazama chini, akafuta macho kwa mkono wenye matope, akajipaka uso mzima.

Makumbi yetu yakaenda kwenye nyumba ya bwana harusi, ya Bi Mwanahawa yakabaki kuwa kamba ya shule, na siku zilizofuata sikumbuki nani alikuwa mwalimu na nani mzazi. Akina mama walikaa na watoto wakipiga na kusokota, wanaume waliokuja kutazama ugomvi wakabaki kushika ncha za kamba. Mwaka mzima tulikuwa tukiwaita wazazi kwenye mikutano hawaji. Siku ile tuliwaudhi tu wakaja wote, ingawa siwashauri mlifanye hilo kwa makusudi.

Asubuhi ya maonyesho Kilindoni, Mwalimu Bakari alinivuta pembeni ya maduka. "Uhamisho wa Neema umepita," akasema. "Afisa elimu atamtangazia leo." Nilipita kwenye meza za maonyesho sioni kitu. Nakumbuka tu kwamba walikuwa kasa, kasa wa karatasi, wa udongo, wa vifuu. Kisha ikaja kamba yetu, nene, imeuzunguka uwanja, na watoto wa shule mbili wakieleza kila hatua kwa kudakiana maneno. Wakavutana shule kwa shule, ikashindikana kupata mshindi. Bakari na Jabiri wakajitosa kila mmoja upande wake, wakaanguka wote wawili kwa makalio, na kamba haikukatika. Watu walicheka mpaka wenye maduka wakatoka nje kutazama.

Afisa elimu akatusifu, kisha akamwita Neema mbele. Akamwambia kwa furaha ya kweli, kama mtu anayetoa habari njema, kwamba ombi lake limekubaliwa, nafasi ipo Singida, aende kwao akapumzike. Msichana yule mfupi akashika kamba kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimejiapiza kwamba sitamsihi, kwa sababu nyumbani kwa mtu ni nyumbani kwake.

Neema akapokea mkono wa afisa. "Nashukuru sana, mheshimiwa," akasema. "Ila siwezi kuondoka. Nina makumbi yangu baharini."

"Haya ya shule si mmeshayatoa?"

"Nina yangu mwenyewe. Nilifukia bamvua lililopita, kando ya mashimo ya shangazi yangu."

Nilimgeukia Bakari, Bakari akanigeukia mimi. Hakuna aliyekuwa akijua. Ndiyo maana binti alikuwa akipotea siku za mapumziko na kurudi ananuka!

Afisa elimu akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Basi tungoje yaive. Yataiva lini?"

"Mwakani, mheshimiwa."

"Na yakishaiva utaondoka?"

Kabla Neema hajajibu, sauti ya Bi Mwanahawa ikatoka katikati ya watu. "Ataondokaje? Shimo haliachwi tupu! Siku ya kufukua ndiyo siku ya kufukia mengine. Hivyo ndivyo tunavyofanya sisi."

Uwanja ulilipuka. Darasa la sita walimzingira mwalimu wao mpaka akapotea machoni, na mimi nililia waziwazi, kanga mdomoni, sikujali nani ananitazama. Afisa elimu alipoweza kusikika tena, akakunja karatasi yake akaitia mfukoni.

"Basi Singida watasubiri kidogo," akasema.

"Watasubiri sana," Bi Mwanahawa akamjibu.

Nao wanasubiri mpaka leo.